Sifa na Deni

Kila ifikapo tarehe 8 Machi, barabara kuu za Lubumbashi hujaa wanawake waliovaa vitenge vya sare, wakipita kwa safu mbele ya majukwaa ya wakubwa, na kutoka kwenye majukwaa hayo humiminika maneno matamu yasiyo na idadi: kwamba mwanamke ni chemchemi ya uhai, kwamba yeye ndiye mlinzi wa ardhi, kwamba bila mkono wake msitu ungalikuwa jangwa na mito ingalikauka. Tangu ulimwengu uliposhikwa na hofu ya kugeuka kwa tabianchi, sifa hizo zimepata mwangwi kutoka mbali, katika mabaraza ya mataifa ambako mwanamke wa asili, yaani yule ambaye wahenga wake waliikalia nchi kabla haijachorewa mipaka, hutajwa kwa taadhima ambayo mama yake hakuijua wala nyanya yake hakuiota. Mimi si adui wa sifa, kwa maana aliyetenda jema anastahili kutajwa kwa wema. Lakini nimeishi miaka ya kutosha kuzitilia shaka sifa zinazotolewa mahali palipopasa kutolewa malipo, kwa kuwa mdaiwa mjanja ndiye hodari wa kumsifu mdai wake. Ningependa basi kuziacha nyimbo kando na kulifungua daftari: katika nchi hii ya shaba, mwanamke anayesifiwa kwa kuyahifadhi maumbile anadai nini, na ni akina nani wanaodaiwa?

Msomaji wa mbali hana budi kwanza kuondolewa picha iliyomo akilini mwake. Itajwapo Kongo, watu huwaza msitu mnene wa Ituri na wa Ikweta, wenye giza mchana na unyevu mwaka mzima, na fedha nyingi zinazoahidiwa kwa ajili ya misitu yetu, kama zile dola milioni 500 zilizokubaliwa katika mkutano wa tabianchi wa Glasgow mwaka 2021, huahidiwa na watu wenye picha hiyo machoni. Msitu wa Lubumbashi ni wa namna nyingine. Ni miombo, msitu wa miti iliyoachiana nafasi, unaopitisha jua hata chini kwenye nyasi, unaokaa karibu bila tone la mvua tangu Mei hata Septemba, kisha, kabla masika hayajafika, ukavaa majani mapya ya rangi ya shaba kana kwamba umepelekewa habari na mtu. Msitu huu hauishii kwetu: umeenea toka Angola hata Tabora na Msumbiji, na Wanyamwezi waliofuatana na mtawala Msiri kuja kukaa Bunkeya katika karne ya 19 walikuta huku miti ile ile waliyoiacha kwao, jambo ambalo huenda liliwapunguzia ugeni kuliko bunduki walizobeba. Kwa macho ya mfanyabiashara wa mbao, miombo ni pori la kupita tu; kwa macho ya mwanamke aishiye ndani yake ni ghala yenye milango mingi, na kila mlango una majira yake.

Mvua za kwanza zikishavilowesha vichuguu, huchomoza uyoga mkubwa mweupe ambao mchwa wenyewe huulima gizani, na mmoja katika jamaa yake hufikia kofia yenye upana wa karibu mita moja. Wiki zifuatazo huja uyoga wa manjano na wa kahawia chini ya miti, kisha vinkubala, yale mabuu manene yanayokaushwa juani na kuliwa kwa bukari, ugali wetu, na masuku, matunda matamu yanayopangwa kwa mabakuli kando ya barabara ya Kasenga na ya Likasi, na mizizi ya munkoyo inayopondwa na kutiwa katika uji wa mahindi hata ukageuka kinywaji cha kuburudisha moyo. Profesa François Malaisse, Mbelgiji aliyefundisha Lubumbashi kwa miaka mingi, alitumia sehemu kubwa ya umri wake kuviorodhesha vyakula vya msitu huu, akavitolea kitabu mwaka 1997. Na mwaka 2017 De Kesel, Kasongo na Degreef wakachapisha kitabu chao cha uyoga unaoliwa katika Haut-Katanga, jimbo letu. Navipenda vitabu hivyo. Lakini mtu akivisoma kwa insafu ataona kwamba nyuma ya majina ya Kilatini yamesimama majina ya Kibemba na ya Kilamba, na nyuma ya majina hayo wamesimama wanawake waliokwisha kuonja, kupika, na kuwakataza watoto wao kile kinachofanana na chakula lakini kinaua. Na wanawake hao hawaandikwi jaladani.

Wala maarifa hayo si ya kula tu. Uyoga mwingi wa miombo huishi kwa ushirika na mizizi ya miti, mti ukiupa sukari nao ukiutafutia mti maji na chumvi za ardhi, hata mti ukikatwa, uyoga wake hutoweka pamoja nao. Mchumaji ajuaye kwamba uyoga huu hufuata mti huu ana sababu ya kuutetea mti ule, sababu ambayo mwenye shoka hana. Ng'ambo ya mpaka, katika nchi ya Kopa wilayani Mpika, Zambia, miongoni mwa watu ambao lugha yao yakaribiana sana na za ndugu zetu wa Sakania, wataalamu watatu, Mbata, Chidumayo na Lwatula, walieleza mwaka 2002 jinsi mavuno ya mabuu yalivyotawaliwa na desturi: kulikuwa na kuchungulia ukuaji na wingi wa mabuu, kulikuwa na kuilinda miti yake, pamoja na mayai ya nondo, isifikiwe na moto wa mwisho wa kiangazi, na kulikuwa na muda uliowekwa wa kuvuna, ambao nje yake haikuruhusiwa mtu kuchuma. Amri hutangazwa na wakuu, na wakuu aghalabu ni wanaume. Lakini anayelijua pori siku kwa siku, kwa sababu kuni na maji humpeleka huko atake asitake, ni mwanamke, na sidhani kwamba mkuu yeyote aliweza kutangaza siku ya kufungua mavuno pasipo kwanza kuambiwa na mtu aliyeona.

Hiyo hofu ya moto wa mwisho wa kiangazi, ambayo mgeni angeweza kuidharau kama mwiko wa washirikina, ilikuwa na ushahidi ambao wenye desturi hawakuuhitaji. Mwaka 1933 huko Ndola, si mbali na mpaka wetu, serikali ya Rodeshia ya Kaskazini ilianza jaribio la kuvichoma viwanja vya msitu kwa nyakati mbalimbali, vingine mapema majani yakiwa bado na unyevu, vingine mwishoni yakiwa makavu kabisa, na vingine kuvikinga na moto moja kwa moja. Mwaka 1959 mtaalamu Trapnell alipoyachapisha matokeo, ilidhihirika kwamba moto wa mwisho huangamiza miti na kuacha nyasi, ilhali moto wa mapema huuacha msitu uishi. Zilihitajika zaidi ya miaka 25 na viwanja vyenye vibao vya namba kuthibitisha jambo ambalo watu wa Mpika walilihifadhi kwa ajili ya kitoweo. Sisemi hivi kwa kuidharau elimu ya vyuoni, ambayo mimi mwenyewe naila. Nasema kwa kuwa elimu ya vyuoni hulipwa mshahara.

Juu ya nchi hiyo ndipo ulipojengwa mji. Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, ilianzishwa mwaka 1910, na katikati ya mwaka 1911 tanuri la kampuni ya Union Minière likamimina shaba yake ya kwanza kando ya mto Lubumbashi. Tangu siku hiyo moshi wake, ukisukumwa na pepo za kusini-mashariki, ukawa unalala upande wa kaskazini-magharibi, ukiiachia ardhi shaba, risasi na zinki, hata pale mtaa wa Penga Penga pakabaki udongo mtupu usioota kitu, ambapo wataalamu wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamekuwa wakijaribu kwa subira kuotesha tena nyasi za kienyeji zinazoistahimili shaba. Mwanamke hakuwamo katika fikira za kwanza za kampuni. Kazi ilikuwa ya wanaume walioletwa kwa mikataba mifupi kutoka nchi za mbali; lakini mwishoni mwa miaka ya 1920, wakuu wa Union Minière walipoona jinsi kuajiri na kuajiri upya kulivyowagharimu, wakaamua kuwakalisha wafanyakazi kambini pamoja na wake zao. Hapo mwanamke akaingia katika vitabu vya kampuni, ila kwa upande wa matumizi: posho yake, chumba chake, mtoto wake aliyetazamiwa kuwa kibarua wa kesho. Aliyoyatoa yeye, yaani chakula alichopika, bustani aliyoilima kando ya kambi, wagonjwa aliowauguza, hayakuandikwa popote upande wa mapato.

Na miaka 100 baadaye mwili wake umekuwa daftari la namna nyingine. Mwaka 2009 Profesa Célestin Banza wa Lubumbashi na wenzake wa Leuven walichapisha matokeo ya kuwapima wakazi wa karibu na migodi na viwanda vya Katanga, wakakuta katika mkojo wao kobalti ya kadiri ambayo ni nadra kuonekana kwa watu wasiofanya kazi kiwandani popote duniani. Wenzao wa kitivo cha kilimo walizipima mboga za majani katika masoko yetu, zile lengalenga na sombe tunazozila kila jioni, wakaona kwamba mboga nazo zimekunywa madini yaliyo katika udongo na maji ya mabonde zinamolimwa. Mwaka 2020 jarida la Lancet Planetary Health likatoa uchunguzi uliofanywa katika hospitali za Lubumbashi kuhusu watoto wanaozaliwa na kasoro za maumbile, na jambo lililojitokeza kwa nguvu lilikuwa kazi ya baba: hatari ilizidi mara kadhaa pale ambapo baba alifanya kazi ya machimbo. Nimeusoma mstari huo mara nyingi. Kwa desturi yetu, na si yetu peke yetu, mtoto akizaliwa na ulemavu wa kwanza kuulizwa ni mama: alikula nini, alipita wapi, alimkosea nani katika ukoo. Sitaki kumhamishia lawama baba, ambaye alishuka shimoni kutafuta unga. Ila nataka ijulikane kwamba swali limekuwa likiulizwa mlango usio wenyewe. Machi 2024 shirika la RAID la Uingereza, pamoja na AFREWATCH lenye makao hapa mjini, yalitoa ripoti juu ya maji ya vijiji vilivyo karibu na migodi ya kobalti upande wa Kolwezi, na humo wanawake walieleza, kwa maneno ambayo mwanamke wetu huyasema kwa haya nyingi, habari za hedhi zilizovurugika, maambukizo yasiyopona na mimba zilizoharibika. Wao ndio wanaoingia mtoni hadi magotini, kufua na kuteka.

Sasa nafika kwenye makala, ambayo jamaa wa pwani huyaita mkaa, na hapa najua kwamba msomaji mwenye kupenda miti amekuwa akinisubiri kwa hamu. Maana ni kweli, wala haifichiki, kwamba miombo inayouzunguka mji huu imeliwa na babula, lile jiko letu la makala. Mtu akitoka kwa barabara yoyote kati ya zile za Kasenga, Likasi au Kipushi hukutana na baiskeli zilizopakiwa magunia mpaka mwendeshaji haonekani, na huko mwisho wa safari, katika soko la mtaa wa Kenya au wa Katuba, hukutana na mwanamke aliyekaa chini, mikono yake myeusi, akiyapanga makala kwa mafungu madogo ya bei ambayo hata fukara aweza kuimudu. Basi waonaji hukomea hapo. Huyo, wanasema, ndiye mlinzi wa msitu mnayemsifu! Nami nawaomba waende nyuma hatua chache. Anayekata mti na kufukia tanuri la udongo ni mwanamume. Anayempa ruhusa ni mkuu aliyepokea chochote, au mwenye shamba anayetaka lisafishwe. Wanaotoza njiani ni wenye kofia. Anayenunua gunia zima kwa bei nafuu ni tajiri. Na fungu la mwisho, lenye faida ndogo kupita zote, ndilo la yule aliyekaa chini. Jicho humwona yeye kwa sababu yeye hawezi kujificha.

Aliketi hapo tangu lini? Wenye umri watakumbuka Gécamines, kampuni ya dola iliyoirithi Union Minière, ilipokuwa baba wa mji, ikitoa mshahara, shule, hospitali na gunia la unga, na watakumbuka ilivyoanguka katika miaka ya 1990, hata mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaachishwa kwa mpango ulioitwa wa hiari, wakapewa kiinua mgongo kilichokwisha kabla ya mvua ya pili. Wanaume wengi walikaa barazani wakingoja kuitwa tena. Wake zao hawakungoja: walilima, walipika vitumbua, walivuka mpaka wa Kasumbalesa na vifurushi, waliuza makala. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu ameyaandika maisha ya kipindi hicho kwa utulivu, na kwa wino wake inaonekana wazi kwamba mji huu haukufa kwa sababu wanawake waliubeba. Kuliliwa kwa msitu na kubebwa kwa mji ni tendo moja lililotazamwa pande mbili.

Na kama mtu ataka kujua kwa nini mpaka leo chungu kinachemka kwa makala katika jimbo lenye mito yenye nguvu namna hii, ainue macho azitazame nyaya. Bwawa la Mwadingusha juu ya mto Lufira lilikamilika mwaka 1930, likazamisha bonde na kuzaa ziwa Tshangalele, na umeme wake ukaenda kuyeyusha shaba. Baada yake yakaja Koni, Nzilo na Nseke, yote kwa haja ile ile. Mwaka 1982 ukamalizika ule waya wa kutoka Inga, karibu na bahari ya Atlantiki, mpaka Kolwezi, urefu wa kilomita 1,700 hivi, ukipita juu ya mapaa ya nyasi ya majimbo kadhaa pasipo kuwasha hata taa moja, kwa kuwa umeme unaopita humo ni wa namna isiyoweza kuchotwa njiani bila mtambo mkubwa wa kuugeuza, na mtambo huo ulijengwa penye mgodi. Mwaka huo huo wa 1982 UNESCO iliitambua sehemu ya bonde la Lufira kuwa hifadhi ya binadamu na viumbe, ili uhusiano wa watu na miombo uchunguzwe na kutunzwa. Sijui kama kuna mwaka mwingine ambao dunia ilitujia kwa mikono miwili iliyopingana kiasi hicho. Mitambo ya Mwadingusha ilipochakaa ilikarabatiwa kwa fedha za wawekezaji wa mgodi mpya wa Kamoa-Kakula, na mwaka 2021 ilirudi kutoa megawati 78, ambazo zilielekezwa kwenye mgodi huo. Simlaumu mwenye fedha kwa kukipata alichokilipia. Lakini Lufira ni mto wa nani? Wanawake wa ukingoni mwake, ambao nyanya zao walihamishwa na maji yaliyopanda, wangali wakikata kuni, na anapokuja mtu wa mradi huwafundisha jinsi ya kutengeneza babula linalotumia makala machache, naye hupiga picha.

Nisieleweke kwamba mwanamke hana kosa, kwa maana kumfanya malaika ni njia nyingine ya kumnyima haki; malaika hahitaji shamba. Chikanda, ile mikate ya kahawia inayotengenezwa kwa viazi vya okidi na karanga, na ambayo wauzaji wake karibu wote ni wanawake, imezimaliza okidi katika nyika nyingi za Zambia, na tamaa ya soko ikavuka mpaka hadi nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, ambako viazi hivyo vilichimbwa kwa mamilioni kila mwaka, hata ikawa mojawapo ya sababu za kuifanya Kitulo hifadhi ya taifa mwaka 2005. Maarifa ya kuchuma yalikuwapo. Kilichokosekana ni mamlaka ya kumzuia mchumaji mwingine. Desturi ya kungoja majira hudumu pale tu ambapo anayengoja anajua kuwa atakachokiacha leo atakikuta kesho, na mahali ambapo mgeni mwenye lori aweza kuja usiku na kibali cha mjini, kungoja si hekima tena bali ni ujinga. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa mukula, mti mwekundu uliopendwa na soko la China katika miaka ya 2010, ambao magogo yake yalitoka Kasenga na Sakania kwa malori na malori. Sijasikia kijiji hata kimoja ambamo wachumaji wa uyoga waliitwa kuulizwa.

Wangeulizwa kwa haki gani? Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 ilitamka kwamba ardhi yote ni mali ya dola peke yake. Kanuni ya familia ya mwaka 1987, kwa kifungu chake cha 448, ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate kwanza idhini ya mumewe kila alipotaka kutenda tendo la kisheria linalomfunga, na haikurekebishwa ila mwaka 2016. Maana yake, kwa miaka 29, mlinzi huyu wa ardhi hakuweza kutia sahihi juu ya kipande chake bila ruhusa. Tena hapa ni nchi ya Walamba na Wabemba, watu wanaohesabu ukoo kwa upande wa mama, ambao kwao cheo cha mjomba humwendea mpwa: mamlaka hupita katika damu ya mwanamke, na aghalabu hayatui mkononi mwake. Amri ya tarehe 2 Agosti 2014 juu ya misitu ya jamii ndiyo mlango mpana kuliko yote iliyofunguliwa, kwa kuwa kijiji chaweza kupewa msitu wake hadi hekta 50,000, bure na bila ukomo wa muda. Nimeona furaha ya watu juu ya mlango huo nami naishiriki. Ila orodha ya wenye msitu huandikwa kwa majina ya koo na wakuu wake, na ramani huchorwa kwa kutembea mipaka, ambayo wanaume huijua kwa mapito ya uwindaji. Kilichomo ndani ya mipaka, kisima kipi hakikauki, kichuguu kipi huzaa uyoga, mti upi hubeba vinkubala, hujulikana na wengine ambao siku ya kutembea mipaka walikuwa wakiwapikia wageni.

Walio chini kuliko wote katika habari hii wako kaskazini mwetu, katika jimbo la Tanganyika lililokuwa moja nasi mpaka mwaka 2015: Batwa na Bambote wa Nyunzu, Manono na Kalemie, watu wa msitu kwa asili na kwa kazi, walioingia katika vita vya mishale na mapanga na jirani zao Waluba, vita vilivyowaka zaidi mwaka 2016 na 2017, vikavichoma vijiji vya pande zote mbili. Sheria ya tarehe 15 Julai 2022 imewatambua watu wa asili, imetaja haki yao juu ya ardhi wanayoikalia na kuitumia, na imetaka waridhie kabla ya kuondolewa. Ni sheria njema. Mwanamke wa Kimbote anayelima kibarua kwa ujira wa mihogo, katika shamba ambalo lilikuwa msitu wa baba yake, bado hajaisoma, wala hajapata wa kumsomea.

Kuna mmoja aliyelielewa jambo hili mapema kuliko wengi wetu. Wangari Maathai wa Kenya, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004 na mwaka uliofuata akafanywa balozi wa hisani wa misitu ya Bonde la Kongo, hukumbukwa kwa miche iliyopandwa na kwa marungu aliyopigwa. Jambo dogo husahauliwa: tangu alipoanzisha harakati zake mwaka 1977, wanawake wa vijijini walipewa ujira kwa kila mche uliopandwa na kuonekana kuwa umeshika. Ujira wenyewe ulikuwa mdogo. Lakini ulikuwa ujira. Ulihesabiwa, ulilipwa, na mpokeaji aliweza kugomba ukipungua. Kwa sifa hakuna awezaye kugomba.

Basi daftari letu linavuka bahari. Zaidi ya thuluthi mbili ya kobalti ya dunia hutoka Katanga ya zamani, na sehemu kubwa huingia katika betri za magari yanayosifiwa Ulaya, China na Marekani kwa kutotoa moshi, hata yaweza kusemwa bila chuki kwamba hewa safi ya miji ile imenunuliwa, kwa sehemu, kwa maji ya mito hii. Kanuni ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 imejaribu kurudisha kitu: asilimia 15 ya mrabaha iende kwa mamlaka za mitaa zenye machimbo, asilimia 0.3 ya mauzo iende kwa maendeleo ya jamii zinazoyazunguka, na kamati zikae kuamua. Nimesoma miradi mingi iliyotoka katika fedha hizo, na mingi ni ya majengo, kwa sababu jengo lafaa kufunguliwa kwa utepe. Ni nadra kuona kituo cha kupima maji, nadra zaidi kuona waya mwembamba unaoshuka kutoka ule mnene na kuingia jikoni. Asilimia 10 nyingine ya mrabaha huwekwa katika mfuko wa vizazi vijavyo. Hapo huwa nasita, maana kizazi hicho kimekwisha kuzaliwa, kinanyonyeshwa leo Penga Penga na kando ya mito ya Kolwezi, na mama yake hajaulizwa angependa fedha zile zitumiwe kwa jambo gani.